Umeme ukirudi, jina la seva linapotea

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hesabu imepotea tena."

Hesabu ni jina la seva ndogo ya Ubuntu, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia pale Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Wafanyakazi wanaandika hesabu.lan kwenye kivinjari na daftari la wanachama linafunguka. Ruta, kifaa kinachogawa mtandao, niliiwekea programu ya OpenWrt, na kila kompyuta inapewa anwani na DHCP, utaratibu wa ruta kugawa anwani za mtandao kwa muda maalumu.

Nikamuuliza mama huyo wa ofisini kwenye simu kama umeme ulikatika. "Ulikatika saa moja, ukarudi saa mbili. Ila usihangaike, ikifika saa tano inarudi yenyewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nipande daladala pale Kabwe saa ileile, kabla tatizo halijajificha. Kitu kinachopotea na kurudi kwa saa maalumu kina sababu unayoweza kuipigia hesabu.

Kwenye fremu ya kioo cha kompyuta ya mama palikuwa na karatasi imebandikwa, yenye anwani ya seva: 192.168.1.143. Nikaandika `ping 192.168.1.143`, majibu yakaja. Nikaandika `ping hesabu.lan`, ikasema jina halijulikani. Hapo nyaya, swichi na seva vyote ni vizima, kilichokosekana ni jina tu. Ukifika hapa, usikimbilie kuiandikia seva anwani kwa mkono. Tafuta kwanza ni nani anayeulizwa jina hilo.

Amri ninayoitegemea ni hii: `nslookup hesabu.lan 192.168.1.1`. Ile namba ya mwisho inalipeleka swali moja kwa moja kwa ruta, hata kama kompyuta ina mazoea ya kuuliza kwingine. Ruta yenyewe ikajibu kwamba hakuna jina kama hilo. Kompyuta ya dirishani ilikuwa na shida ya ziada: mtu aliwahi kuiandikia iulize majina kwa 8.8.8.8, anwani ya Google, ili intaneti iende haraka. Google hawana habari na hesabu.lan ya Uyole, kwa hiyo mashine ile ilikuwa haifanikiwi hata siku nzuri. Nikaifuta namba hiyo, nikaendelea.

Nikaingia ndani ya ruta, nikasoma `/tmp/dhcp.leases`, orodha ya waliopewa anwani. Kompyuta za wafanyakazi zote zilikuwemo. Hesabu haikuwemo.

Fikiria mjumbe wa nyumba kumi mwenye daftari la wapangaji. Mpangaji akija kuchukua chumba anataja jina lake, mjumbe anaandika jina na namba ya nyumba. Ukimuuliza fulani anakaa wapi, anafungua daftari. Ruta inafanya hivyohivyo: kompyuta inapoomba anwani inataja na jina lake, na DNS ya ruta, sehemu inayogeuza majina kuwa anwani, inajibu kutokana na orodha hiyo. Lakini kwenye OpenWrt `/tmp` iko kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika. Umeme ukikatika, daftari limeungua.

Wapangaji wengine hili haliwasumbui, kwa sababu kompyuta zao zilizimika pamoja na ruta na zilipowaka zikaomba upya. Seva na swichi ziko kwenye UPS, betri ya akiba. Seva haikuona waya ukilegea hata sekunde moja, kwa hiyo haikuwa na sababu ya kwenda kujiandikisha tena. Kanuni za DHCP za mwaka 1997 zinaifanya kompyuta ihuishe upangaji wake nusu ya muda inapofika. Ruta ile inapangisha kwa saa 12. Kumbukumbu za seva zilionyesha ilihuisha mara ya mwisho saa 11 alfajiri. Ongeza saa 6: saa tano kamili asubuhi.

Sikusubiri. Nikaandika `sudo networkctl renew enp3s0` kwenye seva ili ihuishe upangaji wake papo hapo, nikasoma tena orodha ya ruta, na hesabu ikawemo. Kwenye kompyuta ya mama nikasafisha kumbukumbu ya majina kwa `ipconfig /flushdns`, ukurasa ukafunguka.

Tiba ya kudumu ilikuwa na sehemu mbili. Ruta nikaihamishia kwenye UPS, maana inakula umeme kidogo sana. Kisha nikaitengea seva anwani ndani ya ruta kwa kutumia MAC yake, namba ya kadi yake ya mtandao, na chini yake nikaongeza `option dns '1'`. Mstari huo wengi wanausahau. Bila huo, anwani inatengwa kweli, lakini jina linaendelea kusubiri hadi mashine ije kuomba.

Nikaomba ruhusa, nikachomoa waya wa ruta, nikahesabu hadi thelathini, nikauchomeka. Ilipowaka, mama akaandika hesabu.lan mwenyewe. Ikafunguka, na ile karatasi akaibandua. Iliyogoma ni simu ya karani mmoja tu: kwenye mipangilio yake kulikuwa na DNS ya faragha iliyoandikwa jina la seva ya nje, kwa hiyo maswali yake yote yalikuwa yakimpita mjumbe mlangoni. Tukairudisha kwenye hali ya kujichagulia yenyewe.