Runinga ya simu juu ya mtandao wa redio: nani apakie nini?

Jahazi likipakia Mokowe kuja Amu, yaani Lamu, nafasi yake haizidi. Saruji ikijaa, unga wa watu hungoja zamu nyingine. Mtandao wa redio ya kidijitali una hali hiyo hiyo, na ndiyo sababu ukitakiwa kubeba runinga ya simu, sharti pawe na sheria ya kupanga shehena.

Redio ya FM tunayoisikiliza vibarazani hupewa masafa yake, stesheni moja moja. Mfumo wa redio ya kidijitali uitwao DAB hukusanya stesheni kadhaa ndani ya wimbi moja lenye upana wa megahezi 1.536. Mkusanyiko huo huitwa maltipleksi. Kwa mpangilio wa kawaida hubeba kilobiti zipatazo 1,152 kwa sekunde, kwa hiyo stesheni zikichukua kilobiti 128 kila moja, zinaingia tisa. Na kwa kuwa vyote vimekwisha kuwa biti, yaani sifuri na moja tupu, mtambo haubagui sauti na picha.

Runinga ya simu ninayoisema si ile tunayoitazama kwa bando. Mnara hurusha mara moja, na kila mwenye simu yenye kipokezi hunasa, wawe watu kumi au elfu kumi, bila kukatwa data. Korea Kusini waliianza Desemba 2005 kwa mfumo wa T-DMB, uliozaliwa na DAB, na watazamaji hawakutozwa ada. Uingereza, kampuni ya simu ya BT ilijaribu mwaka 2006 juu ya mtandao wa redio wa kitaifa, lakini wateja walikuwa wachache na huduma haikudumu miaka miwili.

Udhibiti basi ni nini? Kwanza ni kuamua leseni. Aliyepewa masafa kwa ajili ya redio, je, anaruhusiwa kuuza nafasi ile ile kwa mwenye runinga? Bila jibu la maandishi, masafa ambayo ni mali ya umma hugeuka bidhaa ya mtu.

La pili ndilo linalonigusa zaidi: kikomo. Picha ya skrini ndogo inaweza kula kilobiti 400. Hizo ni stesheni tatu za redio kushushwa chomboni. Mwenye maltipleksi akitazama faida peke yake, atakayeshushwa kwanza ni yule mdogo, anayesoma matangazo ya vifo na kuwaambia wavuvi bahari imechafuka. Uingereza waliliona hilo, na sheria yao ikaweka mpaka wa sehemu ya maltipleksi inayoweza kwenda kwa huduma zisizo za redio. Naona ni sawa kabisa. Redio ipate nafasi yake kwanza, runinga ichukue kinachobaki.

Kisha kuna kumtenga mbebaji na mwenye mzigo. Hapa Kenya runinga yetu ya kidijitali inatumia mfumo mwingine, DVB-T2, lakini leseni ya kusambaza mawimbi ni tofauti na leseni ya kutangaza vipindi. Februari 2015 vituo vikubwa vya runinga vilitoweka hewani, na kiini cha mvutano kilikuwa hicho: nani abebe mawimbi ya nani. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2010 inataka utoaji wa leseni za utangazaji usiwe chini ya serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Maneno hayo yanamhusu mbebaji sawasawa na mtangazaji, kwani anayeshika jahazi anaweza kumnyamazisha mtu bila kugusa maikrofoni yake.

Limebaki la eneo. Minara hujengwa penye watu wengi, na visiwani kwetu nyumba zimetawanyika. Leseni isiyotaja mahali kwa majina itaishia mjini Amu na Shela. Iandikwe Faza, iandikwe Kizingitini na hata Kiunga ya bara, na tarehe ambayo mawimbi yatakuwa yamefika huko.