Ndovu aliyehama ugonjwa

Juzi niko kwa mzee mmoja hapa Langoni, mguu wake wa kushoto umejaa mpaka kandambili ameikata ukanda kwa kisu ndo iingie. Mjukuu wake anasoma karatasi ya kliniki kwa sauti, "elefantaitisi", nikamwambia hapana, ni elefantiasisi, yaani matende haya, ile -itis ni ya kitu kinachowaka na kuuma kama tonsilaitisi, hii -iasis kwa Kigiriki ni hali ya kuugua tu. Mzee akauliza na hiyo elefa ndo nini? Nikasema ndovu (Pwani hapa ukisema tembo kuna watakaofikiria pombe ya mnazi). Akacheka, "Kumbe ni fili, yule wa Alam tara!"

Fil ndo ndovu kwa Kiarabu, na Alam tara ni ile sura ya ndovu kwenye Kurani. Sasa mzee kagusa penyewe bila kujua. Wagiriki wa zamani wakisema elephantiasis hawakuwa wanasema mguu, walikuwa wanasema ukoma, ngozi ikikauka na kukunjamana kama ya ndovu. Waganga wa Kiarabu wao walikuwa na majina mawili mbalimbali, judham ndo ukoma, hata sisi tuna jedhamu, na daa al-fil, ugonjwa wa ndovu, ndo huu wa mguu. Basi kuanzia karne ya 11 vitabu vya Kiarabu vikawa vinatiwa Kilatini, kina Constantinus Africanus hao, judham wakaiita lepra, neno ambalo kwa Wagiriki lilikuwa ngozi ya magamba tu, na ndovu akabaki na mguu. Ikawa madaktari karne na karne wanaandika elefantiasisi ya Wagiriki na elefantiasisi ya Waarabu ili wasichanganye. Vurugu tupu.

Mimi jina jingine la ugonjwa huu, filariasisi, ndo nalipenda, filum kwa Kilatini ni uzi, na minyoo yenyewe ni nyuzi kweli, inakaa kwenye mishipa ya limfu, ile ya kupitisha majimaji ya mwili, inaletwa na mbu. Ndovu anakwambia mguu ukoje tu, tena anamuaibisha mgonjwa, bora matende yetu.

Nikamwambia mjukuu usiku tutarudi kuwatoboa vidole nyinyi wa nyumbani, saa nne hivi.

"Mbona usiku?" mzee akauliza.

Nikamwambia vitoto vya hiyo minyoo mchana vinajificha mapafuni, usiku ndo vinatoka kwenye damu ya juujuu, wakati mbu wanauma.

"Basi mkija msibishe kwa nguvu," akasema, "bibi yenu analala mapema."