Mstari wa bluu si ahadi ya maji: dhana potofu kuhusu ramani za mabonde ya jangwani

Dhana inayoponza wengi ni kwamba mstari wa bluu kwenye ramani ni maji. Jangwani, tazama kwanza kama mstari huo umekatikakatika. Kwenye ramani nyingi za topografia, yaani zinazoonyesha umbo la ardhi, hiyo ni alama ya mto wa msimu: hupitisha maji baada ya mvua, kisha hubaki mchanga na kokoto. Asiyesoma ufunguo wa ramani atapanga kujaza chupa mahali penye vumbi tupu. Na ukavu huo si ruhusa ya kupiga kambi mtoni. Mvua ikinyesha milimani, kilomita nyingi huko juu, mafuriko yanaweza kukufikia ilhali kwako hakuna hata wingu.

"Kontua zikiachana, hapo ni tambarare." Kontua ni mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na dhana hii ndiyo huwanasa hata wazoefu. Tuseme ramani ni ya 1:50,000, kontua zimechorwa kila mita 20, na mbili zinazofuatana ni 640 na 660. Ukingo wa korongo unaweza kuanzia mita 642 ukaishia 657. Huo ni ukuta wa mita 15, na hakuna kontua hata moja itakayougusa. Mabonde haya yana kingo nyingi za aina hiyo, kwa sababu mafuriko huchimba udongo uliolegea. Mimi huanza na ukingo wa ramani, penye tofauti ya kimo kati ya kontua, kabla ya kutazama njia yoyote.

Kontua zilizosongamana nazo hazimaanishi juu sana. Zinamaanisha mteremko mkali. Kimo husomwa kwenye namba.

Wengine hudhani kontua inapovuka mto, ncha ya V huelekea maji yanakokwenda. Ni kinyume: huelekea yanakotoka. Kwenye mgongo wa kilima ndipo ncha huelekea chini. Ukichanganyikiwa, soma namba za kontua mbili jirani.

Umbali? Sentimita 2 ni kilomita 1 kwenye skeli ya 1:50,000, lakini rula haipindi na mto. Tumia uzi.

Mwisho, mwaka wa ramani. Ramani ya miaka 40 iliyopita bado huaminika kwa milima ya pembeni. Mkondo wenyewe huhama baada ya mafuriko makubwa, kwa hiyo kivuko cha gari kilichochorwa humo kilinganishe na picha ya satelaiti ya karibuni kabla hujakitegemea.