Je, wajua kwa nini rangi ya manjano ya Holi hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni?

Holi, sikukuu ya Wahindu ya kupokea majira ya kuchipua, huangukia mwezi mpevu wa Phalguna, mwezi wa kalenda ya Kihindu, yaani mwishoni mwa Februari au mwezi Machi. Usiku huwashwa moto wa Holika, pepo wa kike wa hadithi za Kihindu aliyeteketea motoni. Kesho yake watu hupakana na kurushiana rangi. Nguo nyeupe iliyopata bizari ya manjano siku hiyo, ukiitia sabuni, doa huwa jekundu la kahawia papo hapo. Wengi hudhani wameuziwa rangi yenye sumu. Hapana: hivyo ndivyo bizari halisi inavyofanya.

Kinachoipa bizari rangi ni kurkumini. Kwenye maji ya kawaida au yenye asidi, kama ya ndimu, hubaki njano. Ikikutana na alkali, yaani sabuni, magadi au chokaa, umbo lake hubadilika na kuwa jekundu. Ukikamulia ndimu, njano hurudi. Wahindi wamelitumia jambo hili tangu zamani: kumkumu, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, hutengenezwa kwa bizari na chokaa kidogo. Usijaribu kuurusha unga wa namna hiyo, kwani chokaa huunguza macho.

Mkiijua tabia hii, hata mapambo ya nyumba hayatawashangaza. Mlangoni huchorwa rangoli, nakshi za unga wa mchele. Saga mchele uwe wa chengachenga kidogo, maana unga laini sana hupeperuka na kuvunja mistari; uchukue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uachie taratibu huku mkono ukisogea. Sehemu za njano hutiwa bizari. Lakini kama sakafu ni ya saruji mbichi au imepakwa chokaa karibuni, na ina unyevu, njano yako itakuwa nyekundu kabla wageni hawajafika. Chora juu ya sakafu kavu iliyokomaa. Juu ya mlango hufungwa majani ya mwembe yaliyotungwa kwenye uzi. Chagua yaliyokomaa, kwa sababu machanga hunyauka kabla ya jioni.

Sasa rangi za kurusha. Njano ndiyo rahisi kuliko zote: sehemu 1 ya bizari kwa sehemu 2 za unga wa dengu, chekecha mara mbili, basi. Ya maji, chemsha kijiko 1 cha chai cha bizari katika lita 2 za maji.

Waridi inadai uangalifu. Paruza kiazi sukari (bitiruti) 1 cha wastani, kikamue kwa kitambaa, tia kijiko 1 cha chai cha maji ya ndimu ili rangi isipauke, kisha nyunyizia kidogo kidogo kwenye gramu 250 za konifulawa huku ukisugua kwa vidole mpaka iwe kama mchanga wenye unyevu. Maji yawe baridi. Ukimimina ya moto, wanga huiva na utapata gundi, si unga. Tandaza tabaka jembamba kwenye sinia, uanike kivulini penye upepo: jua kali huipausha rangi, na tabaka nene huchacha na kuota ukungu ndani. Ikikauka, sugua, chekecha.

Kijani hutoka kwa unga wa hina uliochanganywa na konifulawa kiasi sawasawa, lakini huu urushwe ukiwa mkavu tu. Ukilowa, hina huanza kazi yake ya kawaida na kuiacha ngozi na rangi ya chungwa kwa siku kadhaa. Pia hakikisha ni hina tupu ya majani. Ile inayoitwa hina nyeusi huweza kuwa na kemikali inayochoma ngozi.

Rangi yenye heshima kuliko zote, hasa huko India katika jimbo la Gujarat na eneo la Braj penye miji ya Mathura na Vrindavan, ni ya chungwa itokanayo na maua ya mti wa palasha, ambayo Wagujarati huyaita kesuda. Mti huo huchanua karibu na Holi yenyewe, ukiwa hauna majani, matawi yote yakiwa mekundu ya moto. Maua makavu, kama gramu 100, hulowekwa usiku kucha kwenye lita 2 za maji, au huchemshwa, kisha huchujwa. Kuchuja kusirukwe: vipande vya petali huziba bomba la kurushia maji, liitwalo pichkari.

Kabla ya kutoka, paka mafuta ya nazi kwenye nywele na ngozi ili rangi isishike. Baadaye kung'uta nguo zikiwa kavu, suuza kwa maji baridi matupu, ndipo utie sabuni. Doa likigeuka jekundu, suuza kwa maji ya ndimu na uanike nguo juani. Jua litaifukuza njano iliyobaki.