Jiwe zito jeupe halimaanishi dhahabu: tuongelee baraiti

Nikipita maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji, huku Nzega hainipiti wiki bila kijana kunishikisha jiwe jeupe zito, braza pima uzito huu, dhahabu imo ndani. Inaniuma, maana wengine wanauza hadi ng'ombe ili wafukue zaidi.

Uzito siyo dhahabu jamani. Kuna madini yanaitwa baraiti, meupe au ya kijivu, yana uzito kama mara 4.5 ya maji wakati kwatzi, lile jiwe jeupe gumu la kawaida, haifiki hata mara 3, ndo maana ukilinyanyua mkono unashtuka. Uzito ni wa bariamu, aina ya metali, iliyoungana na salfa na oksijeni, yaani ndo jiwe lenyewe, hamna kitu kimejificha. Likwaruze na msumari, baraiti inachubuka, kwatzi haichubuki. Na hatujaanza sisi, mwanzoni mwa miaka ya 1600 fundi viatu wa Bologna kule Italia, Vincenzo Casciarolo, aliokota mawe haya haya akayachoma na mkaa akitafuta dhahabu, akaambulia mawe yanayong'aa gizani! Bariamu yenyewe ilikuja kutengwa 1808 na Humphry Davy wa Uingereza.

Wengine wanasema eti Mjerumani wa enzi za ukoloni ndo aliyazika mawe haya? Hapana, ni maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za mwamba yamebeba bariamu, yakakutana na maji yenye salfeti (ndo hiyo salfa na oksijeni), baraiti ikaganda humo humo, mara nyingi pamoja na madini ya risasi (ledi).

Wengine wanasema ni sumu. Bariamu inayoyeyuka ni sumu kweli, ila baraiti haiyeyuki kwenye maji, na hospitali mgonjwa hunyweshwa unga wa aina hiyo uliosafishwa ili utumbo uonekane kwenye eksirei. Vumbi la mgodini ndo usivute.

Halafu hili la bomba la mafuta la Hoima mpaka Tanga, kwamba kwa vile linapita Nzega basi soko limetufuata. Bomba halitumii baraiti, wanaotumia ni wachoronga visima vya mafuta na gesi, inasagwa inachanganywa kwenye tope la kuchorongea ili liwe zito, lizuie gesi isifumuke, na visima vya mafuta ya bomba hilo viko huko Uganda, eneo la Ziwa Albert. Baraiti inauzwa kwa tani, nauli ya lori inaweza kumeza hela yote, kwa hiyo kabla ya kushusha duara chimba kwanza mitaro mifupi kukatiza mkanda wa baraiti ulioganda kwenye mwamba, sehemu kadhaa, uone unene wake na unaishia wapi.