Sikukuu inapikwa na nani?

Ikishafika wiki ya pili ya Desemba, mazungumzo ofisini kwangu hubadilika. Miezi mingine watu huja na habari za ndoa, kazi na usingizi. Desemba wananiambia, "Mwaka huu sitamani hata kwenda nyumbani." Mimi ni mshauri nasaha hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa ni mtoto wa Marangu, Wachaga wenzangu wengi huniletea jambo hili. Ni watu wa miaka thelathini na kitu, arobaini, wana kazi na watoto, na neno hilo hulitamka kwa sauti ya chini kama wanaungama.

Wanachokikosa wanakijua vizuri. Wanakumbuka nguo mpya iliyonunuliwa Moshi mjini na kufichwa kabatini hadi asubuhi ya tarehe 25. Wanakumbuka wali, uliokuwa chakula cha sikukuu kweli kweli, na binamu kutoka mjini waliolala sakafuni wanane kwenye mkeka mmoja. Hakuna aliyewaambia kreti ya soda iligharimu kiasi gani, wala nani aliamka saa tisa usiku kuwasha moto. Ile furaha ilikuwa ya kweli, ila walikuwa wageni ndani yake. Sasa wao ndio wenyeji, na bado wanakaa sebuleni wakingoja waletewe.

Hapo ndipo naliona tatizo lilipo. Mtu mzima hajapoteza moyo wa sikukuu. Amehamishwa nafasi bila kuambiwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili mwaka mama alipofariki. Tulipanda nyumbani Marangu kama kawaida, ndugu wote sita, kila mmoja na familia yake. Mbuzi alikuwepo, hela ilikuwepo. Lakini hakuna aliyekuwa amempigia simu shangazi wa Rombo, kwa hiyo hakuja. Hakuna aliyekumbuka kwamba baba mkubwa halagi nyama ngumu tena. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haikuwepo, kwa sababu mbege haipikwi siku ya kuinywa. Tulikula, tukasali, saa kumi jioni kila mtu akawa chumbani na simu yake. Nilidhani ni msiba tu. Mwaka wa pili hali ikawa ileile, ndipo nikaelewa kwamba mama alikuwa ameibeba Krismasi yetu peke yake miaka yote, na sisi tuliiita baraka.

Kazi ile ina watafiti wake. Mwaka 1985, Carolyn Rosenthal wa Kanada aliandika juu ya mtu ninayemwita mtunza undugu: yule anayepiga simu, anayejua nani kagombana na nani, anayehakikisha ndugu hawapoteani. Wengi waliotajwa na familia zao kuwa ndio wanaoifanya kazi hiyo walikuwa wanawake. Nikisoma vile, namwona mama na lile daftari lake la namba za simu lenye jalada lililochanika.

Kwa hiyo mteja akiniambia hana hamu ya sikukuu, swali langu la kwanza ni hili: kwenu nani anaifanya hiyo kazi? Majibu huwa mawili. Ama ni yeye, naye amechoka, na uchovu wake anauita kukosa furaha. Au ni mtu mwingine, mara nyingi mama mzee au wifi mkubwa, na yeye hana lolote analolifanya isipokuwa kutuma hela na kufika. Yule wa kwanza anahitaji kugawa mzigo, wa pili anahitaji kuutafuta. Wa pili hushangaa nikimwambia hivyo, kwa maana anaamini akituma hela amemaliza.

Mbege inanisaidia kueleza. Ndizi zinaachwa ziive, zinachemshwa muda mrefu hadi zibadilike rangi, kisha zinawekwa zichachuke siku kadhaa. Zinachujwa, unachanganywa uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe linatoa ule uchungu wake. Ukitaka kunywa tarehe 25, karibu wiki nzima kabla tayari kuna chungu kinakusubiri. Wale wanaozunguka chungu hicho, wanaonusa na kubishana kama ulezi umeota vizuri, sikukuu yao imeshaanza. Anayeshuka kwenye basi usiku wa tarehe 24 anakuta wenzake wako siku ya tano ya furaha, yeye yuko dakika ya kwanza, na kesho yake jioni anashangaa mbona imepita upesi.

Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walitoa utafiti wa watu wazima 1,530 wa Uholanzi. Waliokuwa na safari ya likizo mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiokuwa nayo, lakini baada ya kurudi tofauti hiyo karibu yote ilikwisha, isipokuwa kwa wale ambao likizo yao ilikuwa ya utulivu mkubwa. Sehemu kubwa ya utamu iko kwenye kungoja, na mtu mzima aliyebanwa na kazi ndiyo sehemu anayoikata kwanza. Kama nyumbani kwenu hamnywi pombe, chagua kingine kinachohitaji siku kadhaa: kufundisha watoto wimbo wa kuimba kanisani, kusafisha makaburi, kupaka chokaa ukuta wa bibi. Kiwe chako, na kianze kabla.

Halafu kuna hofu ya safari yenyewe. Mwanamume mmoja aliniambia kwamba basi likishapita Same huanza kuumwa tumbo. Mlima unakaribia, na maswali nayo: ile nyumba imefika wapi, gari uliuza, mbona hujaoa. Kwake Desemba imegeuka siku ya kutoa hesabu. Nasikitika sana kwa hili, maana kwa asili tunarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa sababu wazee wetu wamelala pale na kitovu chako kiko pale. Hakuna sharti la kupeleka risiti. Nilichomshauri ni kidogo. Awe na jibu moja fupi la heshima: "Tunaendelea baba, tuombee." Kisha yeye ndiye aulize. Amwulize baba mkubwa habari za kahawa, jinsi KNCU, ule ushirika ulioanza 1933, ulivyokuwa ukinunua mavuno, na ada ya nani ililipwa kwa msimu gani. Wazee huuliza nyumba imefika wapi kwa sababu hatujawapa la kuzungumza. Aliporudi Januari aliniambia walikaa migombani hadi giza.

Fedha nitaisema kwa kifupi. Kikoba kikivunjwa Desemba, toa ada ya Januari kwanza, iweke mbali na mkono wako, ndipo uhesabu sikukuu kwa kilichobaki. Na kilichobaki kikiwa kidogo usijione huna thamani. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake walitoa jaribio dogo la watu 46: walipewa dola 5 au dola 20, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine ndio walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha hela hakikuleta tofauti. Kilo ya sukari unayompelekea jirani mjane kwa mkono wako, ukaketi naye nusu saa, inatosha.

Jambo gumu kuliko yote ni ugomvi. Nawajua ndugu ambao hawapandi kwenda nyumbani kwa sababu ya mpaka wa shamba, na kwa mwenye kinyongo hicho ushauri wangu wa furaha haufiki mbali. Wachaga tuna isale, jani la kuombea msamaha. Mtu akikujia na jani lile kuomba msamaha, kumkatalia ni jambo zito mno. Nimewahi kuona kaka wawili wakifikishwa hapo na mjomba wao, kimya kimya, nyuma ya nyumba, kabla nyama haijagawanywa. Ofisini sina kifaa chenye nguvu kama kile. Ila msamaha haumlazimishi mtu arudi mahali anapopigwa au kudhalilishwa. Kama nyumbani si salama kwako, sherehekea na waliokupokea, na usijione msaliti.

Na kama ni zaidi ya wiki mbili hulali vizuri, chakula hakipiti, hakuna kinachokugusa, au unawaza kwamba afadhali usingekuwepo, usilaumu Desemba. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona na unatibika. Hospitali ya Muhimbili wapo wataalamu wa afya ya akili, na ukiwa Moshi nenda hospitali ya KCMC. Nenda hata ikiwa ni tarehe 24.

Kwetu tuligawana mwaka wa tatu. Dada mkubwa ana simu za ndugu wote, kaka ana mbuzi na kuni, wa mwisho ana watoto na nyimbo zao. Mimi nilichukua ulezi. Nilikosea mara ya kwanza, nikaharakisha kimea, na shangazi wa Rombo akanikalisha chini jikoni akanionyesha upya, akinishika mkono kama alivyonishika nikiwa na miaka sita. Daftari la mama liko kwa dada. Juzi alinipigia kuniambia amekuta ndani yake, karibu na jina langu, mama ameandika: "huyu apewe mtori mapema, anakuja na njaa."

Mwaka huu napanda tarehe 16. Mpwa wangu wa miaka tisa ameshanipigia mara mbili kuuliza ndizi zinachemshwa siku gani, maana anataka yeye ndiye achochee moto.