Rejeta ikitoa chai ya maziwa, usikimbilie hedi

Asubuhi moja pale Mombo, kabla ya kuanza kupanda Soni, nilifungua kifuniko cha rejeta ya Fuso langu kuukuu nikakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, mzito wa kushika kidole. Sijaufuta bado, utingo ameshatoa hukumu: "Gasketi ya hedi hiyo, tajiri," yaani kizibo chembamba kinachokaa kati ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na bloku, mwili wa injini wenye silinda. Fundi wa Tanga mjini naye akasema hivyo hivyo, bila kupima chochote. Hedi ikafunguliwa, gasketi ikakutwa nzima. Nikalipa ufundi, nikanunua gasketi mpya kwa sababu ya zamani hairudishwi, na siku ya tatu chai ikarudi. Tatizo lilikuwa kwenye kipoza oili, kile ambacho mafundi wetu hukiita "oili kula", jina ambalo siku hiyo lilinistahili, maana pesa zangu ndizo zilizoliwa.

"Oili ikiingia kwenye maji, lori limeunguza gasketi"

Linaweza kuwa limeunguza, ila lori la dizeli lina mlango mwingine ulio wazi zaidi. Ndani ya kipoza, oili na maji hupita jirani, katikati kuna bati jembamba tu. Injini ikinguruma, pampu husukuma oili kwa presha ya bar 3 au 4, wakati maji ya rejeta kwa kawaida yako kwenye bar 1 hivi. Bati likitoboka, mwenye nguvu humvamia mnyonge, na oili huhamia kwenye maji. Ukizima injini mambo hugeuka: presha ya oili huanguka mara moja, maji ya moto yanaendelea kusukuma, nayo huweza kurudi upande wa oili.

Kwa hiyo angalia uchafu umeelekea wapi. Lori langu lilikuwa na oili kwenye rejeta, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) safi, halichemshi, na mlimani halikupungua nguvu. Dalili hizo zilitosha kumfanya fundi aanze na kipoza. Unakitoa, unaziba tundu moja la upande wa oili, unatia upepo kwenye lile jingine, unakizamisha kwenye ndoo ya maji. Mapovu yatakuonyesha penye tundu. Ni kazi ya nusu siku. Hedi ilinikalisha wiki.

Ukiona maziwa yenye rangi ya waridi kwenye gari la gia otomatiki, hiyo ni oili ya gia. Katika magari mengi kipoza chake kimo ndani ya rejeta yenyewe. Zima, wala usiliendeshe hadi gereji, kwa sababu maji huharibu gia haraka.

"Mapovu kwenye rejeta ni mgandamizo wa silinda"

Hapa hata mafundi wazuri huteleza. Malori mengi yenye breki za upepo yana kompresa inayopozwa kwa maji yale yale ya injini. Hedi ya kompresa ikipasuka, au gasketi yake ndogo ikiungua, upepo huingia kwenye maji na rejeta hutoa mapovu kama sufuria ya maharage. Mwenye lori anauziwa gasketi ya injini bure. Kutofautisha ni rahisi: chomoa mipira ya maji ya kompresa, iunganishe yenyewe kwa yenyewe ili maji yasipite humo, kisha washa injini kwa dakika chache tu. Mapovu yakikoma, umeshampata mwizi.

Ipo pia dawa ya kupima gesi ya moshi ndani ya rejeta, ambayo hubadilika rangi ikiikuta. Kwenye dizeli usiiamini injini ikiwa sailensa tu, yaani ikinguruma bila mzigo, kwani hapo moshi una gesi hiyo kidogo. Lipe lori kazi kwanza.

"Kulanti ni ya nchi za baridi"

Ndivyo tulivyozoea: badala ya kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, tunajaza maji ya kisima. Tanga ardhi yake ina chokaa nyingi, mwulize yeyote aliyeingia mapango ya Amboni, na maji yanayotoka kwenye mawe ya namna hiyo huacha ukoko mweupe. Uangalie ndani ya birika la nyumbani, kisha fikiria uko kwenye njia nyembamba za rejeta. Ongeza kutu ya bloku, unapata tope la rangi ya uji wa ulezi ambalo watu hulidhani oili. Lisugue kati ya vidole: kutu hukwaruza, oili huteleza.

Kulanti huzuia kutu, na hulinda silivu zinazoguswa na maji, zile bomba za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Pistoni ikipiga, silivu hutetemeka, vipovu vidogo hupasuka juu yake na kuila tundu kwa tundu. Silivu ikitoboka, maji hushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na gasketi ya hedi haina kosa.

Utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, huku dipstiki ni safi, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi. Themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto, usiitoe: injini itafanya kazi baridi, na kwenye baadhi ya injini maji mengine huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Yai bichi ndani ya rejeta, ati la kuziba uvujaji, sisemi kitu. Lile ni la mezani.

Gasketi ikiungua kweli, mipira ya rejeta hukakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, maji hupungua bila tone chini, moshi mweupe hauwashi macho kama ule wa dizeli isiyoungua. Hapo fungua hedi, ila ipimwe kwa rula nyoofu na fila geji (vibati vya kupimia mwanya) kabla ya kurudishwa. Ikiwa imepinda, gasketi mpya haidumu.

Mimi nilipobadilisha kipoza, niliosha mfumo mara tatu kwa sabuni ya unga na maji ya moto hadi yakatoka safi. Nilichosahau ni mipira. Oili huivimbisha na kuilainisha kama andazi lililolowa, na ule wa chini ulipasuka karibu na Hale, mkonge wa watu ukiwa mgongoni.